Dua ya Kushikana Mikono

Mheshimiwa mbunge alikuwa amevua viatu chini ya meza, anakunywa chai isiyo na sukari, wageni wake walipoingia. Askofu alikaa kulia, shehe kushoto. Wawili hawa hawakuwahi kukubaliana hata juu ya sauti za vipaza sauti vyao, lakini kuhusu muswada wa kesho walikuwa kitu kimoja. Muswada wenyewe ulikuwa na kifungu kimoja tu: daktari aruhusiwe kutoa mimba inayotishia kumuua mama.

"Tunajua hutatuangusha," alisema shehe.

Mbunge alicheka kile kicheko cha wanasiasa, kisichosema ndiyo wala hapana. Moyoni alikwishaamua kupiga kura ya ndiyo. Binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu, alikuwa amelazwa na moyo mbovu na mimba changa, na daktari hakumpindishia maneno: "Mzee, vifaa ninavyo. Ninachokosa ni sheria." Mbunge hakuwagusia wageni habari hiyo. Wapiga picha walipofika, alipendekeza mwenyewe waombe dua wakiwa wameshikana mikono, yeye katikati, akiamini dua ya mbele ya kamera haimgharimu mtu kitu.

Baada ya amina, mikono haikuachana.

Walijaribu sabuni, wakajaribu mafuta ya kupikia. Fundi wa vyuma aliitwa, akawazunguka, akasema angewasaidia kama kungekuwa na nati ya kulegeza. Basi wakaondoka pamoja, wakipita mlangoni ubavu ubavu, na dereva akawasogezea viti.

Nyumbani mke wa mbunge aliongeza sahani mbili, akamlisha mumewe kwa kijiko. Vitanda viliunganishwa, na mambo ya chooni wakayamaliza kiutu uzima. Askofu alikoroma. Alfajiri shehe aliposwali, wenzake waliinama naye, maana hapakuwa na namna.

Wakati wa kifungua kinywa mbunge alishindwa kuvumilia, akawaambia yote kuhusu binti yake. Alilia, na shehe akamfuta machozi kwa leso.

"Mimi ningeachia," alisema askofu polepole. "Lakini waumini wakisikia nimetangulia kuachia, nitawaambia nini?"

"Hata mimi wangu watanila nyama. Tangulia wewe, Baba Askofu, nami nifuate."

"Hapana, Shehe, tangulia wewe."

Wakapishana kwa heshima zote mpaka chai ikapoa. Mbunge aliwatazama, akaona hofu yao ni ya kweli, na hilo likamkatisha tamaa kuliko kama wangekuwa wakatili.

Bungeni kanuni zilikataza silaha na simu, hazikusema lolote kuhusu viongozi wa dini walioshikamana na mjumbe. Wakapewa benchi pana. Spika aliposema wanaoafiki wanyooshe mikono, mbunge alivuta mpaka mabega yakalia, lakini mikono yake ilibaki magotini. Aliposema wasioafiki, askofu akainua, shehe akainua, na mikono ya mbunge ikapanda juu, yote miwili. Karani alikuwa mtu wa haki, akamhesabia kura moja. Muswada ukaanguka, na mbunge akapongezwa na watu wengi, ambao walimpigapiga mgongoni kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuwapa.

Hospitalini nesi aliongeza viti viwili. Binti alikuwa ameegemezwa kwenye mito, midomo imegeuka rangi, pumzi inakuja kwa kuombwa. Alikwishasikia matokeo redioni.

"Baba, nishike mkono."

Mbunge alitazama kulia, akatazama kushoto. Askofu na shehe, ambao hawakukosa huruma, walimnyooshea binti mikono yao iliyo huru. Binti akaitazama, akarudisha wa kwake chini ya shuka.

"Nilitaka wa kwako, baba."

"Yangu ina watu, mama," alisema mbunge.

Binti akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, akageukia ukutani.