Kampuni Mama Msibani

Jana usiku niliota niko msibani, na marehemu ni kampuni ya makaa ya mawe iliyochimba pembeni ya shamba langu.

Sikushangaa. Mwezi mzima watu wamekuwa wakisema kampuni imekufa, na kilichokufa huzikwa. Hofu yangu ni shimo iliyoliacha. Kila masika linamega ukingo, na sasa imebaki mistari mitatu ya ngolo lifike jikoni kwangu. Ngolo ni vishimo vyetu Wamatengo vya kulimia maharage. Tunavichimba wenyewe, tunavitunza wenyewe. Hatujawahi kumwachia jirani.

Msemaji wa msiba ni mfilisi, bwana mmoja mpole mwenye tai. Ananiletea kigoda kabla sijaomba, nikajua amelelewa. Anasoma historia ya marehemu: alisajiliwa, akanawiri, akaugua madeni, akafia benki alikokuwa akitibiwa. Kisha anauliza, kama ilivyo desturi, nani anamdai marehemu.

Shimo linasimama.

Ni refu kuliko nilivyodhani. Linajikunja lisinimwagie vumbi, linaniamkia shikamoo, naitikia marahaba.

"Namdai udongo," linasema. "Aliutoa kwangu akaahidi kuurudisha. Sasa njaa inaniuma, naanza kutazama jiko la bibi."

"Nimeliona jicho lako," naliambia.

Mfilisi anapekua sanduku la marehemu. Kuna kofia ngumu nne na feni isiyozunguka. Anasema tusivunjike moyo, marehemu aliweka dhamana serikalini ya kufukia shimo. Anaomba Dhamana aletwe.

Dhamana anatoka ndani ya bahasha. Ana urefu wa kidole, na ameshika kijiko cha chai.

Namuuliza mbona mdogo hivyo. Anasema alikadiriwa mwaka ule shimo lilipokuwa linafika magotini.

"Lenyewe lilikuzwa kila siku, bibi. Mimi walinisahau."

Hata hivyo anakunja mikono ya shati na kuanza kufukia. Maskini, ana moyo. Namwekea uji kwenye kifuniko cha chupa.

Mara msiba uko ghorofani, juu ya zulia, na Shimo limejibana nyuma ya mlango. Wanatangaza kwamba Kampuni Mama amefika. Nafarijika. Kumbe marehemu ana mama!

Anaingia mwanamke wa makamo, nadhifu sana, amechoka kwa safari. Nampa pole ya kufiwa na mwana.

"Asante, lakini sikumzaa," anasema. "Nilimsajili."

"Ukamlisha?"

"Yeye ndiye alikuwa ananilisha mimi."

"Basi alikuwa mwana mwema kuliko wangu."

"Kisheria sisi ni watu wawili tofauti, bibi."

"Hata mimi na Ditriki wangu ni watu wawili. Yuko Songea, hajapiga simu tangu Pasaka. Lakini alipovunja chungu cha jirani, jirani hakuniuliza sheria."

Kampuni Mama anatazama saa. Mfilisi anafungua kitabu, anasoma polepole kana kwamba hataki kufika mwisho: marehemu asipokuwa na ndugu, shimo litarithiwa na aliye karibu nalo. Watu wote wananigeukia. Kijiko kinamponyoka Dhamana.

Nasema sibishani. Naomba tu tumzike kwanza marehemu.

Papo hapo tuko ukingoni mwa shimo. Nachota konzi ya udongo, namwekea Kampuni Mama kiganjani, taratibu, kama tunavyomfanyia mfiwa yeyote. Ni mtu wa heshima, na watu wanatazama. Anatupa.

"Andika," Shimo linamwambia mfilisi. "Kwa Wamatengo wa ndoto hii, anayeanza kutupa udongo ni mzazi."

Mfilisi anaandika.

"Ilikuwa adabu tu," anasema Kampuni Mama.

"Ndiyo, mama," namwambia. "Endelea nayo mpaka lijae."

Anavua viatu. Anatupa konzi ya pili, ya tatu. Dhamana anamwonyesha mahali palipo laini. Kisha Kampuni Mama anasimama na kusema kwao hakuna kazi bila stakabadhi. Karatasi hakuna, kwa hiyo nanyoosha kiganja. Anatoa muhuri mkobani, anaupulizia pumzi, anaugonga polepole asiniumize. Mkono wake ulikuwa na joto. Nikaamka.

Asubuhi nikiwa napukuchua maharage, nikaona kiganja changu cha kulia kina duara la wino wa bluu. Katikati pana neno moja: MZAZI.

Nilikwenda kuchungulia. Shimo bado lipo, na halikuniamkia.

Mkono huo sijaunawa. Leo nimesonga ugali kwa mkono wa kushoto, ukawa mabonge matupu, na mume wangu ameula hivyo hivyo. Jumatatu naupeleka ofisini kwa mfilisi. Wakitaka fotokopi, nitauweka mwenyewe juu ya mashine.