Pipi Mfukoni mwa Mgonjwa wa Sukari

Mume alikuwa bado anajimwagia maji uani pale Msusi alipopekua mifuko ya suruali yake ya kazi, kama alivyozoea kila asubuhi, akaibuka na pipi. Za mnanaa, zilezile za juzi.

Mgonjwa wa sukari, aliyekatazwa na daktari hata chai ya utamu, pipi za nani? Si za watoto wao. Hao hata ganda hawajaliona. Akazitia kwenye sidiria, akamwacha mume avae na kuondoka. Vidonge vyake vya sukari alimeza; hivyo vidonge hakuvisahau kamwe. Ila aliondoka bila kula: uji ulikuwa haujaiva na zamu haisubiri uji.

"Ana mtoto nje," alihukumu mteja wa kwanza, kichwa nusu misuko, nusu kichaka.

"Ni yule Mama Chai, anayewauzia chai kazini kwao," alisema Msusi. "Wanaongozana mpaka kliniki, eti wote wana sukari. Mapenzi ya sukari, shoga yangu!"

"Basi nenda ukawafume. Kichaka changu hakikimbii."

Msusi akapaka wanja. Akafunga wali na maharage kwenye bakuli ili awe na kisingizio, akashika njia.

Mumewe alipiga pasi kwenye kiwanda cha dobi kinachofua mashuka ya hoteli. Mvuke ulimpiga Msusi usoni, na ulipopungua akaona: mume wake chini, katikati ya matenga ya nguo, kichwa kimelala kifuani pa Mama Chai.

"Mwachie mume wangu!"

"Mshike basi, dada, umwinue mgongo," alisema Mama Chai bila kugeuka. Alikuwa na kikombe cha chai. "Kunywa, kaka. Meza. Hivyohivyo."

Shati la mume lingeweza kukamuliwa. Mikono ilimtetemeka, na alimtazama mkewe kama mpita njia.

"Kalewa huyo," alisema Msimamizi. "Kaunguza shuka, nikimuuliza anaburuta ulimi. Atoke."

"Hajalewa, sukari imemshuka," alijibu Mama Chai. "Vile vidonge ukivimeza bila kula chakula vinaishusha mpaka unazima. Hata mimi vimeshaniangusha. Kule kliniki, dirisha la dawa, wanakupa tu, maelezo hakuna. Mimi ndiye niliyemwambia atembee na pipi. Sijui leo kaziacha wapi."

Pipi zilimchoma Msusi kifuani. Akazitoa, akazisukuma kwenye mfuko wa mumewe. Mama Chai aliona, akatazama pembeni.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Alisema ukijua wewe, mtaa mzima umejua. Halafu ataambiwa mgonjwa, asimamishwe kazi."

Hilo lilimuuma kuliko kile kichwa kifuani pa Mama Chai. Angekuwa hawara, Msusi angemng'oa nywele, yakaisha. Huyu amepewa siri ya mume wake, na kaitunza.

Msusi akapiga magoti, akaweka pua kwenye mdomo wa mumewe mbele ya watu wote.

"Nimenusa. Chai tupu. Bosi, njoo na wewe unuse."

Kwenye meza za pasi mtu alicheka, akajikohoza. Msimamizi akarudi nyuma.

"Saa ya kula imesogezwa mpaka oda iishe, kila mtu anajua. Kama hawezi, wanaoweza wamejaa pale getini. Mtoe, na kesho asije."

"Chai pekee haitoshi," Mama Chai alinong'ona. "Ale, la sivyo itashuka tena."

Msusi akakaa sakafuni, akafungua bakuli, akatia tonge kinywani mwa mumewe.

"Mama, humu ndani hakuliwi! Hunisikii?"

"Nakusikia."

Akatia la pili. Msimamizi alifoka mpaka sauti ikakwaruza. Hakuna aliyeacha pasi yake, na hakuna aliyekubali kumshika mwanamke yule amtoe. Mume akatafuna polepole, macho yakaanza kumtambua mkewe, akaona haya.

Mama Chai akanyoosha kikombe cha maji kuelekea midomo ya mgonjwa. Msusi akakidaka njiani.

"Asante," alisema bila kumtazama. "Namnywesha mwenyewe."