Chaki kwenye Gurudumu la Kushoto

Fundi alikuwa akipiga tupa ukingo wa chini wa kichwa cha treni, polepole, kama mtu anayemkata kucha mtoto mchanga. Kichwa chenyewe kilikuwa na urefu wa kiganja na nusu. Alikitengeneza kwa mabati ya makopo ya maziwa, akifuata kumbukumbu na rula ya chuma tu: bomba la moshi, ngazi, na ubavuni namba thelathini na moja. Kilichokosekana ni chasisi yenye mota. Kutoka ekseli ya kwanza hadi ya tatu zilitakiwa milimita tisini na sita. Zikizidi, gurudumu lingegusa ngazi.

Shirika la reli ndilo lililomwagiza. Kichwa kingewekwa kwenye kabati la kioo pale stesheni, chini ya kibao kinachosema kwamba namba thelathini na moja ilianguka konani, dereva akiwa amelala. Dereva huyo, aliyefia humo, alikuwa mume wa dada yake. Dada mwenyewe aliketi upande wa pili wa meza, akishona kifungo.

Chasisi ya kwanza ilitoka kwenye treni ya kuchezea. Ya pili aliiunganisha kwa mota ya redio ya kaseti. Zote mbili alizirudisha kwa muuza vikorokoro.

"Fundi, wewe unatafuta chasisi au mchumba?" muuzaji alimuuliza.

"Mchumba angeshapatikana."

Ya tatu ilikuwa na milimita tisini na sita kamili. Ikiwa peke yake ilizunguka reli iliyopangwa mezani, ikakata kona vizuri, na swichi ilipozimwa ikasimama. Fundi akakipandisha kichwa juu yake, akakaza skrubu nne, akawasha. Haikusogea. Kwenye gurudumu la mbele la kushoto palikuwa na msalaba wa chaki.

Akaufuta kwa kitambaa. Alipomaliza kukikunja kitambaa, msalaba ulikuwa umerudi. Zile mbili za kwanza nazo ziliota chaki vivyo hivyo, naye akavilaumu vipimo.

Dada akainua macho. "Mkono mmoja mrefu. Alama hiyo ni yako."

"Ni yangu."

Katika karakana ya reli, alikofanya kazi zamani, fundi aliyegundua hitilafu alichora msalaba kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Kichwa hakikutoka mpaka aliyechora afute kwa mkono wake mwenyewe. Hata mkubwa wa kazi hakuruhusiwa kumfutia. Miaka ishirini na miwili iliyopita Fundi alikuta breki za namba thelathini na moja zimelika, akachora, akaenda stoo kuchukua nyingine. Aliporudi kichwa kilikuwa kimeshatoka. Kwenye uchunguzi aliulizwa kama aliweka alama. Mkuu wa karakana alikuwa ameketi mbele yake, amekunja mikono. Fundi akajibu, "Sikumbuki."

Mkuu huyo sasa ni mkurugenzi, na alasiri hiyo alikuja kukagua kazi. Alivua kofia, akamwamkia Dada, akakisifu kichwa.

"Mbona hakitembei?"

"Kina chaki, mzee," Fundi alisema.

Mkurugenzi akainama akatazama. Akatoa leso, akailowesha ncha kwa ulimi, akafuta kutoka chini kwenda juu mara mbili, bila kutafuta pa kuanzia, kama mtu anayerudia kazi aliyokwisha kuifanya. Msalaba haukurudi. Kichwa kikaondoka. Kilipokaribia kona Fundi akazima swichi, kisha akachomoa waya kabisa. Kichwa kikazidi mwendo, kikaruka reli, kikaanguka sakafuni.

"Chasisi mbovu hiyo," mkurugenzi alisema, akirudisha leso mfukoni. "Tafuta nyingine. Jumatatu tunafungua kabati." Akaweka mezani kibao kipya cha shaba, kipimwe kama kitaenea. Maneno yalikuwa yaleyale. Herufi ndizo mpya. Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Dada akainama, akaokota kichwa. Bomba la moshi lilikuwa limepinda.

"Siku ile ya ajali uliiacha ovaroli yako kwangu," alisema. "Nikaifua. Mfukoni mlikuwa na chaki, imelika upande mmoja."

Fundi akaishika tupa, akaiweka chini tena. "Mbona hukuniuliza, Dada?"

"Ulishasema hukumbuki. Nikakuacha ukumbuke."

"Nakumbuka."

"Miaka yote hii umekula kwangu, ndugu yangu, unasifu mchuzi. Kumbe ulimi unao."

"Nitamwambia nini? Ameona mwenyewe."

"Kuona si kuambiwa."

Fundi akachukua rula. Alikipima kibao. Kingeenea kabatini bila kukatwa, na wa kukizuia Jumatatu hakuwepo. Kisha akakaza upya skrubu mbili zilizolegea, akakirudisha kichwa kwenye reli. Msalaba ukatokea, mkono mmoja mrefu.

Dada akausugua kwa kidole gumba. Haukutoka.

"Basi usiufute," alisema, akakichukua kitambaa akakitia kwenye kikapu chake cha nyuzi.

Lilibaki bomba la moshi, ambalo lilihitaji kupashwa moto kabla ya kunyooshwa. Fundi akalizungushia uzi mahali lilipopinda, asije akapasahau, akaliachia kesho.