Siku Nne za Kununa Kama Jemadari

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto wa kukumbushwa dawa, nisikilize. Sikuambii umnyang'anye kompyuta. Mwanzo nami nilidhani shida ni kompyuta, nikailalamikia mpaka majirani wakanichoka. Shida yenyewe niliitengeneza mimi, kwa akili yangu timamu.

Binti yangu ana miaka kumi na tisa. Ana kisukari tangu darasa la saba, kile cha kujichoma insulini, si cha vidonge. Asubuhi anachoma, kila akitaka kula anachoma, na kabla ya kuchoma anajitoboa kidole apime. Miaka sita kazi ya kumkumbusha imekuwa yangu. Umepima? Umechoma? Umekula? Hata nikiwa na pini mdomoni nauliza. Baba yake ni dereva wa lori. Akipiga simu husema, "Mtoto hajambo?" Nikimjibu hajambo, husema, "Basi vizuri," anakata.

Amemaliza shule, anasubiri chuo. Mimi nashona sare za wanafunzi hapo hapo sebuleni, cherehani yangu dirishani, yeye na kompyuta yake mezani, katikati yetu rundo la kola. Mchezo anaoucheza hauna mbio wala bunduki. Ni wa mfalme wa zamani, mambo ya ngome na farasi, na mfalme mwenyewe ndiye yeye. Maandishi yake si ya lugha yetu, kwa hiyo haya yote alinitafsiria.

Mfalme ana washauri watano wanaokaa naye baraza. Yupo jemadari wa vita, mtunza hazina, kasisi, tabibu, na bibi mmoja mpelelezi ambaye nilimpa jina la Bibi Masikio, likamganda. Kila mmoja anajua lake tu. Muulize jemadari habari za njaa, atakujibu vita. Akiwa na neno, kibao kinatokea kwenye kioo: mfalme, fanya hivi. Unakubali au unakataa, basi.

"Na huyu mwenye chupa?" nikamuuliza siku moja.

"Huyo tabibu. Namwita Mama."

"Kwa nini Mama?"

"Msikie mwenyewe. Mfalme ana homa, apumzike. Mfalme asinywe mvinyo. Mfalme apumzike. Kila mwezi, maneno yale yale! Nimemzima."

"Umemuua?"

"Sijamuua, mama, nimezima vibao vyake. Anaona yote ila hasemi." Akacheka, nami nikacheka, lakini pindo nililokuwa nashona likaenda upogo nikalifumua.

Sasa, huyo jemadari. Alitaka ukuta wa kaskazini ujengwe, binti yangu akakataa. Akaomba tena, akakataliwa. Mara ya tatu akakataliwa, akanuna. Hakuleta kibao kingine, na askari wake wakawa wanazubaa tu. Nilimwona mwanangu anahangaika, anakuna kichwa.

"Amenuna kweli," akasema. "Nikimwacha hivi nitapigwa."

"Utafanyaje?"

"Namwita faragha, namwomba radhi. Washauri ndivyo walivyo. Wakirudi wanarudi na moyo zaidi."

Akamwita. Jemadari akaja na kofia mkononi, wakasemezana, na ukuta ukajengwa.

"Kumbe akinyamaza ndipo anasikilizwa," nikasema.

"Ndiyo hivyo, Mheshimiwa Tabibu," akanijibu, bila kugeuka.

Hilo neno lilinikaa. Ilikuwa karibu shule zifunguliwe, nina sare sitini za kumaliza, mgongo unawaka, miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani. Jumapili mchana nikamuuliza kama amechoma. Akapiga meza. "Mama, nimesikia! Hii mara ya tatu!" Mara ya tatu. Nikahesabu moyoni kama jemadari. Nikasema haya, na mimi nimenuna. Atanitafuta mwenyewe.

Jumatatu sikusema kitu. Aliamka, akanywa chai, akaenda kwa mfalme wake. Nilikula maneno yangu kama mtu anayekula mchanga.

Jumanne akaniambia, "Leo umepoa, mama. Raha." Sikumjibu. Nilifurahi hata, nikidhani imeanza kumwingia.

Jumatano akanywa jagi zima la maji akiwa amesimama, mlango wa friji wazi. Akaenda chooni. Akarudi, akanywa tena. Mzazi mwenzangu, dalili hizo nazijua kuliko sura yangu. Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikauma ulimi, nikajiambia yuko karibu kuniita, nikisema sasa nitakuwa nimeharibu siku tatu nzima za kunyamaza. Nikaendelea kukata kitambaa. Mikono ilijua kazi, kichwa kilikuwa kimechoka, na mtu aliyechoka anaona upuuzi kuwa hekima.

Alhamisi, kabla ya saa sita, akatapika pale pale mezani. Nilipomshika alikuwa anapumua kwa nguvu, kama mtu aliyepanda ngazi mbio, na pumzi inanuka tunda lililoiva mno. Nikamtoboa kidole mwenyewe. Mashine ya kupimia sukari haikutoa namba, ilionyesha tu kwamba imepita kiwango. Jirani yetu fundi seremala akashusha mbao kwenye pikapu yake, tukamlaza kiti cha mbele, kichwa mapajani mwangu. Fundi alikuwa akiniuliza, "Ameanza lini?" na mimi namwambia, "Endesha, kaka, endesha tu."

Hospitalini muuguzi alimwekea dripu, mwanamke wa makamo, sauti ya upole. "Mara ya mwisho alichoma lini?"

"Sijui."

Miaka sita sijawahi kulitamka neno hilo. Akaniangalia. "Si unakaa naye nyumba moja, mama?"

"Nakaa naye chumba kimoja mchana kutwa."

Hakuuliza tena. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nimenuna?

Alifungua macho vizuri kesho yake asubuhi, midomo imekauka, bomba mkononi. Nikamlowesha midomo kwa pamba. Akasema, "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimenuna."

"Umenuna? Lini?"

"Tangu Jumapili. Nilitaka uniite, kama ulivyomwita yule jemadari wako."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. "Mama, jemadari akinuna kiti chake kinageuka chekundu. Mchezo unanionyesha. Wewe ulikuwa unashona tu!"

"Sasa ulidhani nini?"

"Nilidhani niko sawa. Siku zote ukiona kitu unasema. Baraza likiwa kimya maana yake nchi ina amani."

"Na yale maji hukuyaona? Wewe si mtoto mdogo."

"Niliyaona. Nikasema ingekuwa mbaya, mama angeshapiga kelele." Akageuzia uso ukutani. "Halafu unadhani umechoka wewe tu. Wewe umechoka kusema, mimi nimechoka kujitoboa. Siku moja sikuchoma, hukusema. Nikaona kumbe inawezekana. Nikaacha na ya pili."

Hapo nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa namtega mtoto wangu kwa ukimya, na yeye anapumzika ndani yake.

Tulikaa huko siku tano. Sare ishirini zilichelewa, wazazi wa watu walinisema na nikasemeka. Siku ya kutoka, muuguzi akikunja shuka, binti yangu akaniambia, "Tukirudi usiniulize kama nimepima. Nitakujibu ndiyo hata kabla sijasikia swali. Niulize namba ya mashine."

"Na wewe ukinichoka?"

"Nitakuchoka. Niulize hivyo hivyo."

Hayo ndiyo ninayotaka uyachukue, mwenzangu. Ukichoka, mwambie mtoto kwa mdomo kwamba umechoka, ulie ukitaka, umwite baba yake aache lori aje ashike zamu. Usinyamaze ukingoja uitwe uombwe radhi. Nyumbani hakuna kiti kinachogeuka rangi.

Jana saa saba mchana nilikuwa natia vifungo. Yeye alikuwa mezani, mfalme wake kazingirwa.

"Namba?" nikauliza.

"Tisa."

Nikaweka shati chini, nikainuka. Magoti yakalia.

"Unakwenda wapi?"

"Kuiangalia."

"Huniamini?"

"Sikuamini."

"Mama, jamani!"

"Kasirika tu."

Mashine ilikuwa karibu na kompyuta. Kumi na nne, sukari imepanda. Alivuta kimkoba cha sindano, akafunua fulana tumboni.

"Nilikuwa naelekea kuchoma," akasema.

"Najua. Choma nikiona."

Akachoma. Nikasimama pale mpaka alipoitoa sindano.