Manne Yanatoka Kwanza

Tok. Kimya. Kisha tok nyingine.

Nilikuwa bado nimejilaza gizani, mume wangu Rohan akikoroma upande wa ukutani, nikajua ni binti yetu Kezia yuko jikoni anapanga mayai ya wiki. Katika kila kumi, lile la kwanza huliweka kwenye bakuli la bati, nalo ndilo linalolia. Hilo ni la kanisa. Tisa yanayofuata huingia kwenye trei ya karatasi bila sauti. Kwa hiyo hata aliye kitandani anaweza kujua kuku wametupa nini. Nilihesabu tok nne. Basi tumevuka thelathini.

Nikatabasamu, kisha nikakumbuka leo ni siku gani.

Saa nne asubuhi Bi Harrop angefika. Ndiye anayetumwa na ofisi ya elimu kuzungukia nyumba za sisi tunaofundisha watoto wetu wenyewe nyumbani huku Bonde la Huon, na mwaka jana aliandika kwenye fomu yetu maneno mawili ambayo sijayasahau: Hesabu hazionekani. Akatupa mwaka mmoja. Asiporidhika safari hii, Kezia angerudi shule muhula ujao. Ni ile ile aliyokaa miezi saba akiumwa tumbo kila Jumatatu, mpaka akaacha kuuliza maswali hata nyumbani. Sasa ana miaka minane na haachi kuuliza, ila labda akiwa amelala.

Mimi mwenyewe niliacha shule nina miaka kumi na tano, nikaenda kupanga matufaha kwenye maboksi. Hesabu nilikuja kuzisoma kwenye masomo ya jioni, Kezia ananyonya ndani ya koti langu, na mtihani nikaufaulu mara ya pili. Lakini si ubao ulionifungua macho. Ni unga. Siku moja nilitaka kuoka nusu ya mkate, kitabu kikasema robo tatu ya kikombe, na nusu ya robo tatu nikaiona kwa macho yangu ikilala kwenye kikombe. Tangu siku ile naamini kwamba Mungu aliyempa kuku siku ishirini na moja za kuatamia, wala si thelathini, anapenda hesabu, na ameziacha humu humu ndani ya nyumba ili mama aziokote pamoja na watoto wake. Tunaziokota kwenye rundo la kuni, kwenye kipimo cha mvua, kwenye mkate. Na kwenye mayai.

"Umeoka mara mbili na jua halijatoka," Rohan alisema akivuta buti. "Huyo mama anakuja kukagua watoto, mke wangu, hakagui skonzi."

"Skonzi ni somo. Kezia amezidisha vipimo vyote mara tatu."

"Na chumvi?"

"Na chumvi."

Akauma moja, akaitazama. "Hii chumvi naona aliizidisha mara tisa."

Kezia alimchapa kwa kitambaa cha vyombo. Mdogo wake, Asheri, wa miaka minne, akacheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Kisha tukashikana mikono, Rohan akaomba kwa ufupi, akambusu kila mtu kichwani, akaenda kupogoa mitufaha.

Bi Harrop alikula skonzi yake yote, akaomba kikombe cha pili cha chai, na hakusema lolote kuhusu chumvi. Nikampenda kwa hilo. Nikamfungulia daftari letu: kuni zilizochorwa moja moja, mvua ya Julai, mikate iliyokatwa nusu na robo.

"Mwaka huu naziona, Jodie," alisema. "Nzuri. Lakini zote ni za nyumba yako. Nataka nimwone kwenye hesabu ya mtu mwingine."

Akatoa karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: Mkulima ana mayai arobaini. Anauza kumi na mawili. Yanabaki mangapi?

Moyo wangu ukatulia. Mayai tena, nikasema kimoyomoyo, asante Bwana. Kezia hata hakuhesabu kwa vidole. Aliandika haraka, akageuza karatasi.

Ishirini na nne.

"Jodie, midomo yako inacheza," Bi Harrop alisema bila kunitazama.

Nikaifunga. Nilishajua yale manne yamekwenda wapi.

"Kezia, mpenzi, arobaini toa kumi na mawili ni ishirini na nne?"

"Hapana. Kwanza unatoa manne."

"Manne yapi?"

Kezia alimtazama kama mtu anayeulizwa mlango uko wapi naye amesimama mlangoni. "Ya Mungu. Yanatoka kwanza, kabla hujauza. Tunayapeleka Jumapili. Bi Nerida anapewa wa kwanza kwa sababu mumewe anaumwa."

"Lakini swali halikumtaja Mungu."

"Halikuwataja kuku pia," Kezia alisema kwa upole, "na lazima wapo."

"Na jogoo," Asheri akasema chini ya meza.

Bi Harrop alikohoa kuficha kicheko, ila kalamu yake ilibaki hewani juu ya fomu. "Jodie, kutoa anajua. Kusoma swali ndiko kulikompita. Atakutana na maswali ya watu wasioishi kama ninyi, na kama hawezi kusikia yanachosema, siwezi kuandika ndiyo. Nitampa moja zaidi."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari, makali kidogo. Lakini alikuwa amesema kweli, na kosa lilikuwa langu. Kila namba niliyompa mwanangu ilikuwa imeshapita jikoni kwetu.

"Naomba nimwambie neno moja," nikasema. "Sitampa jibu."

"Moja."

Nikamvuta Kezia ubavuni. Nywele zake zilinukia majani makavu ya banda la kuku. "Kezi, mama, ukienda kwa Bi Nerida unawasha jiko lake kama letu?"

"La kwake ni la gesi."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Naangalia kwanza."

"Basi swali nalo ni nyumba ya mtu. Piga hodi, ingia, angalia kuna nini. Bakuli letu liache nje."

Akafikiri. "Kwa hiyo yule mkulima hatoi?"

"Hatujui. Hajatuambia."

"Maskini," akasema, na alimaanisha.

Bi Harrop akaandika swali la pili, akalisukuma mezani: Mkulima ana mayai thelathini. Anauza kumi. Yanabaki mangapi?

Safari hii Kezia hakukimbia. Alisoma mara moja, akasoma tena kidole kikitambaa chini ya kila neno. Akaandika kitu, akakifuta. Birika lilianza kulia, wala sikuinuka. Nilitazama mikono yangu, nikaomba bila kufumba macho. Sikuomba apate. Niliomba asiogope, aondoke kwenye meza ile bado akiuliza.

Akaandika tena, mara mbili, namba moja chini ya nyingine. Kisha akainua kichwa, akamtazama Bi Harrop, si mimi.

"Huyu wa kwenye karatasi amebakiwa na ishirini, ila sisi tungebakiwa na kumi na saba."