Kompyuta ya Uweso

Mimi niko eda. Mume wangu Uweso kafa, na mpaka eda iishe sitoki nje wala sikai na mwanamume wa kando. Kompyuta yake nayo ikaona huu ndio wakati wa kunitia kichaa!

Uweso alikuwa akirekodi hadithi za kwao Tongoni, akizisimulia mwenyewe kwa lahaja yao ya Kimtang'ata. Hakuwahi kuzimaliza. Zimebaki ndani ya programu aliyorekodia, na kwenye simu hazifunguki. Nilizisikiliza zote isipokuwa ya mwisho. Hiyo nilikuwa naiogopa, maana nikishaisikia, Uweso hana tena jipya la kuniambia.

Juzi kompyuta ikaniuliza kama isasishe programu zake. Kwa adabu ile, nikasema sasisha, mama, nani kakukataza? Programu ikaja mpya, inang'aa, na hadithi za mume wangu ikazikataa katakata. Nililia kama nimefiwa upya.

Wifi yangu Khadija akamwita Manase, fundi wa hapa Nguvumali. Akaishia barazani.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Ila ndani huingii, mwanangu."

"Najua, mama. Wewe utakuwa mikono yangu."

Tukateremsha pazia la mlangoni. Yeye anataja herufi kule nje, mimi nadonoa huku ndani, Khadija ananikosoa. Manase alisema kompyuta inayoendeshwa na Linux, kama hii ya Uweso, hukumbuka kila ilichobadilisha, basi tutaiamuru itengue ya juzi na kuirudisha programu ya zamani.

"Acha nafasi, mama."

"Nafasi gani tena?"

"Bonyeza kile kitufe kirefu cha chini."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo!"

Maandishi yakashuka mbio, yakatulia. Manase akanielekeza kuizuia programu ile isisasishwe tena. Nikaifungua. Hadithi zote zilikuwapo, na mimi, niliyekaribia kuzikosa kabisa, woga wote ukanitoka. Nikabonyeza ile ya mwisho.

Uweso akakohoa. Akaanza kusimulia, akakatiza katikati, akaita kwa sauti ya kuelekea jikoni:

"Mwanasiti! Ushakula wewe?"

Tangu tumzike nilikuwa nalishwa na Khadija kwa kijiko kama mtoto.

"Bado, Uweso," nikamjibu, machozi yananibubujika.

Khadija akainuka kwenda kupakua. Nikaila sahani nzima, mwenyewe, huku mume wangu akiendelea na hadithi yake.