Kichupa Juu ya Sinki

...na kumbe kuimwaga ni kazi ndogo tu, kung'oa kizibo, kugeuza kiganja, hapa hapa kwenye sinki anapomwaga maji ya vyombo kila siku, lakini kichupa cha insulini kimemganda mkononi, kina baridi ya friji, na sebuleni mumewe anaomba kwa sauti, mzee wa kanisa, fundi wa kuchomelea vyuma asiyeogopa cheche, na chumbani Kifaranga, kitindamimba wao, anamgombeza mwanasesere, "tulia wewe, sindano haiumi, acha kudeka," Mungu wangu, katika nyumba hii hata mwanasesere ana sukari... "Mama Kifaranga," mumewe alimwambia asubuhi, midomo imemkauka kwa kufunga, "nimeoteshwa. Ibrahimu aliambiwa amtoe mwanawe, hakubishana. Mwaga ile dawa, tumwachie Bwana," naye akaitikia sawa, ulimi hauna mfupa, au aliogopa, ndiyo, aliogopa, miaka yote ameimba kanisani kwamba atamtolea Mungu vyote, na nani huimba vyote akakumbuka kwamba na mtoto yumo... siku ile ugonjwa ulipojitokeza yeye alikuwa kwenye cherehani, akageuka, mtoto kalala juu ya vitambaa, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza, akambeba, akakimbia pekupeku, na baadaye hospitalini yule nesi mcheshi, "mama, mwanao ni kama gari zima, ila bila ufunguo haliwaki, na ufunguo ndio hii sindano, akiikosa utamzika," akacheka kidogo ili naye acheke, akacheka, kisha akalia... lakini imani, je, kama yake haifiki hata punje ya haradali, kama Mungu anautazama mkono huu sasa hivi, akikataa atamchukua mtoto kwa hasira, akikubali atamchukua kimya kimya, pande zote ni shimo, na yule mwana wa Ibrahimu alibeba kuni mwenyewe, akauliza, baba, mwanakondoo yuko wapi, na jioni Kifaranga atainua nguo yake ya tumboni kama kawaida, mama, sindano yangu iko wapi, naye atamjibu nini... "Umeshamwaga?" mumewe anauliza kutoka sebuleni. "Bado." Anaegemea sinki, Bwana, sema basi, neno moja tu, mbona kule mlimani ulisema, mbona hapa kimya... "Mke wangu... umeshamwaga?" na mwishoni sauti inapasuka, inakuwa nyembamba, naye anaijua sauti hiyo, ndiyo ile ya kwenye mlango wa wodi, alipouliza "amekufa?" huku macho yakiomba aambiwe hapana, jamani, huyu haamrishi, huyu anaogopa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye si mzazi? Ameshika kisu kama Ibrahimu na anatega sikio, mwanamume mzima, anangoja azuiwe, na mimi nangoja mbingu, naye ananingoja mimi... na malaika alimwita Ibrahimu mara mbili, mara mbili, maana aliyekwisha kuinua kisu huenda asisikie mara moja, na nani alisema sauti hiyo haiwezi kupita katika koo kavu kama hili, la fundi cherehani, bado anaogopa, anaogopa kuliko mwanzo, kichupa bado kiko juu ya sinki, kiganja hakijageuka, anavuta pumzi, "Baba Kifaranga!" anaita, kisha, kwa nguvu zaidi, "Baba Kifaranga!"